Mbona Anatoza Kiingilio?

Liko swali ambalo mwanamazingaombwe wa Afrika Mashariki halikwepi, aulizwe usoni au asemwe kisogoni: kama kweli anaweza kugeuza kipande cha gazeti kikawa noti ya shilingi elfu kumi, mbona anawatoza wanafunzi kiingilio cha shilingi mia mbili tatu? Mbona viatu vyake vimelika soli, mbona anagombania daladala kama sisi? Swali hili huulizwa kwa kicheko, na anayeliuliza huamini amemkamata mtu pabaya. Lakini ukilipima vizuri utaona limebeba karibu yote tunayoyafikiria juu ya kazi hii. Anayeuliza hajamwona mfanyakazi mbele yake. Amemwona mmoja kati ya watu wawili: ama mwenye nguvu za giza ambaye kwa sababu asizozisema hazitumii kujitajirisha, ama mwongo anayekula hela za watoto. Jibu lenyewe halimjii, nalo ni jepesi. Hakuna noti iliyotengenezwa. Noti ilikuwa mkononi tangu mwanzo, na kiingilio kinalipia miaka ambayo mkono huo ulifunzwa kushika kitu bila kuonekana umeshika.

Lugha yetu yenyewe inashuhudia jinsi tunavyoichukulia kazi hii. Fungua gazeti lolote la Kiswahili wakati wa bajeti au wa kuhesabu kura, hutakosa mbunge au mwandishi anayelalamika kwamba takwimu fulani ni mazingaombwe, au kwamba ahadi fulani ni kiinimacho. Neno limekuwa jina la wizi wa kitaalamu. Sarakasi nayo imeingizwa katika siasa, lakini tofauti ni kubwa: tukisema bungeni kuna sarakasi tunamaanisha vituko na purukushani, hatumaanishi kwamba kuna mtu ameibiwa. Fani mbili ambazo zamani zilitembea pamoja, jukwaa moja na tiketi moja, zimehukumiwa hukumu mbili. Nami nadhani sababu iko katika jasho. Mwanasarakasi analowa jasho mbele yetu. Tunaona mgongo ukipinda, tunaona mikono ikitetemeka chini ya uzito wa wenzake wanne, tunajua wazi kwamba sisi hatuwezi. Mwanamazingaombwe anafanya kazi ambayo sharti lake la kwanza ni kwamba juhudi isionekane. Akionekana anahangaika, ameshindwa. Kwa hiyo kadiri anavyokuwa hodari ndivyo tunavyozidi kuamini kwamba hakufanya kitu, na mtu asiyefanya kitu akalipwa tuna majina mawili tu ya kumpa: mchawi au tapeli.

Hilo la sarakasi lina historia hapa kwetu. Katika miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliwapeleka vijana China kujifunza sarakasi, na waliporudi likaundwa kundi la taifa lililozunguka nchi nzima na kwenda hadi nje. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipofunguliwa mwaka 1981, sarakasi iliingia humo kama somo, na hadi leo katika chuo hicho, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, mtoto wa mkulima anaweza kusomea kuruka na kubebana akatoka na cheti. Mazingaombwe hayakupata mlango wa namna hiyo. Yaliachwa yajifunzwe kwa kumfuata fundi, kumbebea masanduku, kumlindia vifaa, na kuokota siri moja moja kwa miezi. Si ajabu basi kwamba mwalimu mkuu anapomwona mtu amefika na begi jeusi na kofia, hana karatasi yoyote ya kumtofautisha na mganga wa mtaani.

Na kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Chukua jambo dogo kabisa, kuficha sarafu kiganjani. Sarafu hubanwa na nyama ya shina la kidole gumba, wakati vidole vingine vyote vimelegea kama vya mtu asiye na kitu, na mkono unaendelea kuashiria, kusalimia, kukunja mkono wa shati. Mwanafunzi huweza kuipata kwa siku moja akiwa ametulia mbele ya kioo. Kuipata huku anaongea, anatania na kumtazama machoni mtu aliyekaa hatua mbili kutoka kwake ni suala la miaka. Halafu inakuja elimu ya pili, ya kumfahamu mtazamaji. Mwaka 2006 watafiti Gustav Kuhn, ambaye mwenyewe ni mwanamazingaombwe, na Michael Land walichapisha uchunguzi wa mchezo mmoja mkongwe: mtu anarusha mpira juu mara mbili, mara ya tatu anajifanya kurusha huku mpira umebaki mkononi, na watazamaji wanaapa kwamba wameuona ukipaa na kutoweka hewani. Alipoinua macho kuufuata mpira usiokuwapo, zaidi ya nusu ya watazamaji waliuona. Alipobaki kuutazama mkono wake, wengi wao hawakuona kitu. La kushangaza zaidi, vifaa vya kupima mwendo wa jicho vilionyesha kwamba macho ya watazamaji hayakwenda kule walikodai kuuona mpira. Macho hayakudanganyika, iliyodanganyika ni akili, iliyokuwa inausoma uso wa mwenzake. Neno letu kiinimacho, pamoja na uzuri wake, linalisingizia jicho kosa lisilo lake. Mtu anayeweza kuiongoza akili ya watu mia tatu kwa kuinua kope amesomea kitu, hata kama hakuna chuo kilichompa cheti.

Tatizo la kazi isiyoonekana haliishii kwa watazamaji, limeingia hadi katika sheria za nchi nyingine. India ndiyo nchi ambayo pengine ina ukoo mrefu kuliko zote wa wanamazingaombwe wa barabarani, familia zinazorithishana ufundi kizazi kwa kizazi. Lakini Sheria ya Bombay ya Kuzuia Ombaomba ya mwaka 1959, ambayo baadaye ilitumika Delhi pia, iliweka katika tafsiri ya kuomba hata kuimba, kucheza, kupiga ramli na kufanya maonyesho mahali pa umma ili kupata fedha. Baba aliyejifunza kwa baba yake, naye kwa babu yake, aliweza kukamatwa na kuwekwa kizuizini kama mtu asiye na kazi, wakati alipokuwa kazini. Mahakama Kuu ya Delhi ilivifuta vifungu vingi vya sheria hiyo katika mji huo mwaka 2018 tu. Marekani, ambako mazingaombwe yanaheshimiwa na kulipwa vizuri, nako sheria hailioni jasho hili kwa urahisi. Mwanamazingaombwe Teller, mwenzake Penn Jillette, alimshtaki mtu aliyeiga mchezo wake wa kukata kivuli cha ua hadi petali za ua lenyewe zikaanguka. Mwaka 2014 mahakama ya Nevada ilimpa haki, lakini kwa sababu mchezo ule ulikuwa umesajiliwa kama igizo la kimya. Kilicholindwa ni kile watazamaji walichokiona. Siri ya nyuma yake, ambayo ndiyo iliyogharimu muda na akili, haikuwa kitu ambacho hakimiliki inakilinda.

Je, kule ambako kazi hii iliheshimika, iliheshimikaje? Wengi watajibu kwamba Wazungu hawaamini uchawi. Historia inakataa. Uingereza ilikuwa bado inawanyonga watu kwa uchawi wakati Reginald Scot, mwenye shamba wa Kent, alipochapisha mwaka 1584 kitabu cha kuwatetea wazee waliokuwa wakisingiziwa. Ndani yake aliweka kurasa nyingi za kueleza jinsi wachezaji wa masokoni wanavyoficha mipira, wanavyopitisha kisu mkononi, wanavyojifanya wamekata kichwa. Hoja yake ilikuwa ya maana sana: ikiwa mikono mitupu inaweza kufanya maajabu kama haya, tusiharakishe kumkabidhi shetani kila tusichokielewa. Ilichukua karibu miaka 150 hadi Bunge, mwaka 1735, kufuta adhabu ya kifo kwa uchawi na kufanya kosa liwe kudai kwamba unao. Hapo mlango ukafunguka kwa mchezaji aliye tayari kusema: mimi sidai. Katika nchi ya Marekani ya watumwa, Richard Potter, mtoto wa mwanamke Mwafrika, alizunguka kwa miaka mingi akifanya mazingaombwe na kuigiza sauti, na kipato chake kikamnunulia shamba na kumjengea nyumba huko Andover, New Hampshire. Alifariki mwaka 1835, na kijiji kilichokua pale kinaitwa Potter Place hadi leo. Mjini Paris, Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa, alifungua ukumbi wake mwaka 1845 akiwa amevaa suti ya jioni kama mgeni wa karamu yoyote, akiacha majoho ya nyota na mwezi. London, John Nevil Maskelyne, naye fundi saa, alianza kwa kuwaumbua ndugu wawili waliodai kwamba mizimu inawafungua kamba ndani ya kabati, kisha akaendesha maonyesho katika ukumbi wa Egyptian Hall kuanzia mwaka 1873 kwa zaidi ya miaka 30. Mafundi saa hawa walileta kitu kimoja jukwaani: walijitambulisha kama mafundi. Umma uliambiwa mapema kwamba kilichopo ni ustadi, ukaanza kulipia ustadi.

Robert-Houdin huyo huyo anatupa pia upande wa pili, na kwa Mwafrika ni upande unaouma. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria ili ustadi wake ushindane na heshima ya viongozi wa kidini ambao watu waliwafuata kupinga utawala wa kikoloni. Alikuwa na sanduku dogo lenye chuma kitakoni na sumaku ya umeme iliyofichwa chini ya jukwaa. Alimwita mwanamume mwenye nguvu, akamwambia atamwondolea nguvu zake zote, na yule bwana akashindwa kuinua sanduku ambalo muda mfupi kabla alikuwa ameliinua kwa urahisi. Umeme ukamtupa chini mbele ya watu wake. Robert-Houdin aliandika baadaye kwamba wakalimani waliwaeleza wenyeji kuwa yale yalikuwa ufundi. Lakini maelezo ya kesho hayafuti aibu ya leo, na lengo la safari lilikuwa kumfanya mtu aliyetawaliwa aamini kwamba anayemtawala ni wa namna nyingine ya binadamu. Ustadi ulikuwa ule ule wa Paris. Kule uliuzwa kama ustadi, huku ulitumika kama nguvu. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba haijalishi mchezaji anajieleza vipi ilimradi watu wamefurahi.

Hata barani kwetu, aliyekwenda mbali zaidi katika kazi hii aliishi kati ya tafsiri hizo mbili. Moshood Abiola Peller, aliyejulikana kama Profesa Peller, alizaliwa Iseyin, Nigeria, mwaka 1941, akaenda India akiwa kijana kusomea mazingaombwe, akarudi na kuwa jina kubwa kuliko yote ya fani hiyo Afrika Magharibi. Alijaza kumbi, alionekana kwenye televisheni, akamkata vipande mkewe jukwaani na kumrudisha mzima akitabasamu. Aliijenga kazi kama biashara, yenye wasaidizi, vifaa na matangazo. Agosti 1997 watu wenye silaha walimuua nyumbani kwake Lagos. Swali likazuka: mbona dawa zake hazikumwokoa? Tazama lilivyo ndugu na lile la kiingilio. Miaka 30 jukwaani, na bado walikuwapo waliosubiri mwili wake ukatae risasi. Ulinganishe msiba huo na wa Mmarekani William Robinson, aliyejiita Chung Ling Soo na kujifanya Mchina. Machi 1918 alipigwa risasi jukwaani London katika mchezo wa kudaka risasi, bunduki yake ya mchezo huo ilipoharibika, akafa siku iliyofuata. Pale swali lilikuwa jingine: chombo kilikosea wapi? Walimhesabu kuwa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwanamazingaombwe wa Kiafrika anastahili kuulizwa swali hilo la pili.

Huenda mtu akasema haya ni malalamiko ya watu wachache, na nchi ina shida kubwa kuliko heshima ya wacheza karata. Ningekubali, kama kuchanganya ustadi na uchawi kungewaumiza wao tu. Katika utafiti wa kituo cha Pew uliotolewa mwaka 2010, zaidi ya watu 9 kati ya 10 waliohojiwa Tanzania walisema wanaamini uchawi. Mei 2008 wazee 11 walichomwa moto hadi kufa Kisii, Kenya, kwa kudhaniwa wachawi. Mtu aliyekwisha kujizoeza kwamba kila asichokielewa kina mkono wa giza nyuma yake hahitaji ushahidi mwingi kumgeukia jirani yake. Na ustadi huu, ukikataliwa kama kazi halali, haupotei. Unahamia kwa wasioutaja. Stendi za mabasi zina vijana wa karata tatu, ambao vidole vyao vinafanya yale yale ya jukwaani isipokuwa wao huondoka na nauli yako. Nairobi ina watu wa wash wash, wanaomwonyesha tajiri mwenye tamaa karatasi nyeusi, wakaziosha kwa dawa mbele yake zikatoka dola halisi, kisha wakamuuzia sanduku zima la karatasi. Novemba 2014 kituo cha televisheni cha KTN kilionyesha uchunguzi wa mhubiri mmoja aliyekuwa akiwaosha waumini miguu na maji yakageuka mekundu kama damu, ishara ya laana kutoka. Ilikuwa pamanganeti ya potasiamu, chembe za dukani ambazo zikiguswa na maji hutoa rangi ya zambarau iliyoiva. Mtoto yeyote aliyewahi kuoneshwa mchezo huo darasani na kuambiwa ni kemia asingetoa senti yake.

Wanamazingaombwe ndio walinzi wa asili wa umma dhidi ya watu hawa, kwa sababu wanayajua maficho. Harry Houdini, mtoto wa rabi aliyezaliwa Budapest mwaka 1874 na kuanza kazi katika maonyesho ya senti kumi huko Marekani, alitumia miaka yake ya mwisho kuwafichua waliowatoza wafiwa pesa kwa madai ya kuongea na marehemu wao. James Randi alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1986 alifichua kwamba mhubiri maarufu wa uponyaji, Peter Popoff, aliyekuwa akitaja majina na magonjwa ya watu asiowajua, alikuwa na kipokea sauti sikioni, na mkewe akimsomea kadi za maombi kwa redio kwenye masafa ya megahezi 39.17. Wanasayansi wamezoea vitu visivyodanganya, jiwe halijifichi. Aliyezoea kudanganya kwa ruhusa ndiye anayemtambua anayedanganya bila ruhusa. Jamii inayomnyima mtu huyu riziki halali inajipokonya macho yake yenyewe.

Hoja nzito dhidi ya haya yote inatoka kwenye dini, na haifai kupitwa kwa haraka. Msomaji Mwislamu atakumbusha kwamba wachawi wa Firauni walishindana na Nabii Musa kwa kuyaroga macho ya watu hadi kamba na fimbo zikaonekana zinakwenda, na kwamba mfasiri mkubwa Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, alipozigawa aina nane za sihri aliweka kiinimacho na wepesi wa mikono kuwa mojawapo. Msomaji Mkristo ataleta habari ya Simoni wa Samaria, aliyewastaajabisha watu katika Matendo ya Mitume. Hoja hizi ni za kweli na hukumu yake ni ya wanazuoni, si ya gazeti. Ninachoona, kama msomaji wa kawaida wa habari hizo, ni kwamba katika zote mbili kosa limeambatana na dai. Wachawi wa Firauni walitaka ushindi wao uwe hoja dhidi ya ujumbe wa Mungu. Simoni alijitangaza kuwa mtu mkuu, na watu wakauchukua uwezo wake kuwa wa Mungu. Mtu anayesimama mbele ya wanafunzi na kusema haya ni mazoezi ya vidole, hata nyinyi mkijifunza mtayaweza, ametangaza kinyume cha dai hilo. Wako wachezaji wetu wanaovunja mpaka huo. Wanachanganya aya na maneno ya mchezo, wanauza hirizi baada ya onyesho, wanaacha minong'ono kwamba wana majini ienee kwa sababu inajaza ukumbi. Hao wanaistahili lawama wanayoipata, na wanaowalipia deni ni wenzao wasio na hatia. Hata sheria inakutana nao hapo: Sheria ya Uchawi ya Tanzania, iliyotungwa wakati wa Waingereza mwaka 1928, katika maana ya uchawi imehesabu pia kudai kuwa una nguvu zisizo za kawaida. Kukiri kwamba ni mchezo ndiyo kinga ya mchezaji mbele ya sheria na mbele ya msikiti na kanisa.

Wapo wanaoogopa kwamba kukiri kunaua utamu. Sioni hivyo. Tunajua waigizaji wa filamu hawafi na bado tunalia. Filamu yenyewe ina deni hapa, kwani Georges Méliès, aliyevumbua hila nyingi za kamera za mwanzo, alikuwa mwanamazingaombwe aliyenunua mwaka 1888 ukumbi uliobeba jina la Robert-Houdin. Kukiri kwamba ipo siri si kuitoa siri. Chama cha Magic Circle cha London, kilichoanzishwa mwaka 1905, kinamfukuza mwanachama anayefichua mbinu ovyo, lakini hakuna mwanachama anayeficha kwamba anatumia mbinu.

Ama kuhusu kipato, ukweli usemwe bila kupamba. Jarida la Forbes lilikadiria kwamba David Copperfield aliingiza dola milioni 61.5 katika mwaka mmoja, kwa hesabu zake za 2017, akifanya maonyesho Las Vegas zaidi ya mara moja kwa siku. Yeye ni mmoja. Méliès alifilisika akaishia kuuza vitu vya kuchezea watoto katika stesheni ya treni ya Paris. Anayemshauri mwanawe asiache shule kwa ajili ya karata ana haki kabisa. Lakini ushauri huo huo unafaa kwa mwanamuziki, mchekeshaji na mcheza mpira, na hao hatuwaiti wachawi wanapokosa kodi ya nyumba. Kwetu kazi ya mazingaombwe ni ya vipande: shule wiki hii, sherehe ya kuzaliwa wiki ijayo, uzinduzi wa bidhaa ya kampuni mwezi ukiwa mzuri. Hapo ndipo dhana ya umma inapogeuka kuwa njaa. Kamati ya harusi inapokaa, mshereheshaji anapangiwa fungu, mpambaji fungu, mpiga picha anadai malipo ya awali na kupewa. Akitajwa mwanamazingaombwe, mtu anasema atapewa chochote. Vifaa vyake havimo katika hesabu ya sherehe, nauli yake haihesabiwi, na saa zake za mazoezi hakuna anayeziamini kwa sababu hakuna aliyeziona.

Wapo waliokwisha kuonyesha njia nyingine hapa Afrika. Cape Town kuna Chuo cha Mazingaombwe kilichoanzishwa na David Gore mwaka 1980, ubaguzi wa rangi ukiwa bado ni sheria, kikapokea watoto wa rangi zote. Watoto wanaotoka mitaa ya shida hujifunza humo kwa miaka kadhaa, hatua kwa hatua, na wanafanya mitihani. London, mpango wa Breathe Magic umewafundisha mazingaombwe watoto waliopooza upande mmoja wa mwili, kwa sababu mchezo wa kamba na kikombe unamfanya mtoto arudie zoezi la mkono mara nyingi bila kuchoka, jambo ambalo tabibu peke yake huhangaika kulipata. Hakuna anayewauliza walimu wa huko kwa nini wanalipwa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wakuu, kwa kamati za sherehe na kwa TaSUBa. TaSUBa iyaweke mazingaombwe karibu na sarakasi, somo la mikono, la akili ya mtazamaji na la maadili ya kutodai nguvu. Kamati zimwandikie mwanamazingaombwe fungu lake kwenye bajeti kabla hajapanda gari. Na mwalimu mkuu, siku mwanamazingaombwe atakapobisha hodi na begi lake jeusi, akae naye ofisini, wapatane bei ya onyesho zima, kisha amwongezee malipo ya dakika kumi za mwisho: asimame mbele ya wanafunzi, achague mchezo mmoja mdogo, awaonyeshe polepole unavyofanyika, na awaambie ilimchukua muda gani kuujua.